Mwalimu Fabian Wepukhulu na Dimbwi la Vyura Wake

Ninayewasomea ni Nakhungu, dada wa marehemu.

Kaka yetu Fabian Wepukhulu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 karibu na Kimilili, kifungua mimba wa wazazi wetu. Mama alisema mvua ilinyesha siku hiyo hadi vyura wakaingia jikoni, na nadhani urafiki ulianzia hapo.

Alisoma shule ya msingi kijijini, akafuzu ualimu mwaka 1984, akafundisha Biolojia Awasi, kisha Kisumu, hadi alipostaafu 2021. Vitabu vikikosekana, aliwapeleka wanafunzi mtaroni. "Huyu ni amfibia," alikuwa akisema, chura kiganjani. "Kwanza anaishi majini, ana mkia, anapumua kwa matamvua kama samaki. Halafu anaota miguu, anapata mapafu, anatoka nchi kavu. Amemaliza maisha mawili. Nyinyi hata hili moja linawashinda."

Mwaka 1989 alimwoa Nangila. Wiki ya kwanza bibi harusi alikuta chura kwenye beseni lake la kufulia, akafunga mzigo arudi kwao. Fabian alimsihi mlangoni: "Mama, huyo ni askari wa mbu tu." Nangila alibaki, lakini beseni alilihamishia chumbani.

Mwaka jana mapafu ya kaka yalianza kudhoofika. Alipowekewa oksijeni alinitania: "Chura anavuta hewa hata kwa ngozi, Nakhungu. Mimi Mungu alininyima." Kisha akaacha utani. Alijua mvua ya masika imeanza, na kwamba mayai ya vyura, laini, yasiyo na ganda, yamo kwenye dimbwi hapa nyuma ya nyumba yake. "Nilindie hao watoto mpaka waote miguu," akasema. Nikamwahidi. Alifariki Jumanne, tarehe 22 Aprili 2025, saa nne asubuhi.

Programu mliyoshika ilipigwa chapa Jumatano. Ninayosema sasa hayamo.

Alhamisi mahema yalipofika, vyura walikuwa wakilia, na akina mama wakaanza kunong'ona: "Hii vyura yote kwa boma ya matanga ni ya nini? Kuna mkono wa mtu hapa." Niliona aibu. Nilichukua pakiti sita za chumvi jikoni nikazimwaga dimbwini. Na nilijua. Kaka mwenyewe alinifundisha kwamba chura hanywi kwa mdomo, hunywa kwa ngozi, na chumvi humkausha akiwa hai. Jana asubuhi viluwiluwi walikuwa wanaelea, matumbo juu, na watu wakapita kando yao wakienda kunywa chai.

Nangila aliinama akawachota waliokuwa bado wanatikisa mikia, akawatia kwenye beseni la maji ya mvua. Aliona mkononi mwangu zile pakiti tupu, nilizokuwa nimerudi kuziokota. Akalibeba beseni hadi chumbani kwake.

Mwalimu ameacha mjane wake, Nangila. Watoto, Terry na Byron. Mimi dada yake. Na viluwiluwi tisa walio chumbani kwa Nangila, bado hawana miguu.

Kaka, upumzike. Nimemwomba Nangila aniachie hao tisa niwalinde. Bado hajanijibu.