Treni Iliyofutiwa Fungu

Kijiwe cha kahawa cha Shangazi kiko mbele ya stesheni, benchi limeegemezwa kwenye mlango uliofungwa kwa mnyororo. Tangu serikali ifute fungu la fedha za treni ya abiria, hakuna aliyeshuka hapo. Reli imeota nyasi na popo wamejimilikisha dirisha la tiketi. Lakini mazoea ni kazi kuyaacha. Kila alasiri, muda ambao treni ilikuwa ikitikisa benchi, wateja wa Shangazi hunyanyua vikombe kahawa isimwagike. Wanajicheka wenyewe, ila wananyanyua. Siku hiyo Soli, mshona viatu, alichelewa kunyanyua chake, na kahawa ikamwagika.

— Benchi limetikisika, alisema Soli.

— Mkono wako huo, alijibu Waziri, kinyozi aliyepewa jina hilo kwa kuitetea serikali kuliko yenyewe inavyojitetea. Treni ilikuwa inakula hela bure, abiria wachache. Mabasi si yapo?

— Na barabara ya hayo mabasi analipia nani? alifoka Kipenga, gadi wa treni ile mpaka siku ya mwisho. Mbona barabara haiulizwi faida?

Soli alifuta kahawa iliyomwagika. Binti yake yuko mji wa upande wa pili wa reli, miguu imepooza tangu utotoni, na ngazi za basi haziwezi. Kwenye treni Kipenga alikuwa akimpandisha na kiti chake cha magurudumu. “Ikirudi tu, baba, mimi wa kwanza,” binti alikuwa akisema kwenye simu. Sasa wiki nzima simu yake haipatikani, na Soli anaogopa hata kulisema jambo hilo kwa sauti.

Benchi likatikisika tena, vikombe vikagongana. Safari hii wote waliona. Nyasi relini zilikuwa zimetulia tuli.

— Wanaijaribu kimyakimya, alisema Waziri, sauti imepungua. Uchaguzi ukikaribia watatangaza.

— Haijaribiwi hiyo, alisema Kipenga. Siku ile ya mwisho mimi nilishushwa hapa, yenyewe ikaondoka. Walifuta fungu, lakini nani alimwambia dereva asimame?

— Kipenga, acha mambo yako!

— Nakwambia. Treni ikikosa mwenyewe haifi. Inakosa tu pa kufikia.

Shangazi alikuwa akipangusa birika, hakuinua macho.

— Basi itakuwa inawachukua wale ambao hawana usafiri mwingine, alisema. Hao si hawadaiwi tiketi?

— Shangazi, nyamaza! Soli alisema.

Ndipo mama mmoja akatokea pembeni mwa jengo, kutoka upande wa jukwaani, sanduku mkononi.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mama. Karibu.

— Samahani, jamani, hii stesheni haina wahudumu? Behewa la nyuma kuna binti, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Anasema baba yake anashona viatu hapa nje. Nani anamshusha?

Waziri akamtazama Kipenga. Kipenga akatazama reli, na relini hapakuwa na kitu. Soli alikwisha kusukuma benchi, ameshika mnyororo kwa mikono miwili, anauvuta huku akimwita mwanawe.

— Nani anamshusha? mama yule aliuliza tena, kwa upole. Fanyeni hima, maana inaondoka.