Jina Lililo Chini ya Chombo cha Kijani

Sogezeni viti karibu, Maunu na wewe Kerttu, na mzime hiyo redio, kwa maana sauti yangu ya leo haiwezi kushindana na mtu anayesoma habari za hali ya hewa. Muuguzi amenipa dawa, maumivu yamelala, na kabla hayajaamka nataka niseme yote kwa pamoja. Msinikatize. Nilifundisha watoto miaka thelathini na minane, na macho ya mtu anayetaka kukatiza nayajua.

Nyumba ni yenu, nusu kwa nusu. Hilo liko kwa mwanasheria. Sasa vyombo vya kioo, vya udongo na sanamu, vyote mia mbili na kumi na viwili. Dubu wa udongo mweusi ni wako, Kerttu, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulimlisha uji hadi akaota ukungu tumboni. Sahani za maua ya buluu msizifungie kabatini. Pakulieni viazi na samaki, maana yule mama aliyezichora, ambaye herufi zake mbili ziko nyuma ya kila moja, alizichora ili watu wazilie chakula. Kile kichwa cha mwanamke asiye na masikio kipelekeni shuleni kwangu, kiwekwe mahali ambapo watoto wanaweza kukigusa. Watabishana anasikiaje. Mimi nimejiuliza hilo miaka ishirini na sijapata jibu, labda wao watalipata. Vilivyobaki viuzeni, na msinung'unikiane. Najua paa la Maunu linavuja.

Kimebaki hiki cha kijani hapa mezani. Kerttu, kisogeze dirishani kipate mwanga. La, usikigeuze! Mnaona? Kila mtu anafanya hivyo. Yule bwana wa mnada wiki iliyopita alivua viatu mlangoni kama mtu mwenye adabu, kisha akakipindua kichwa chini kabla hajakitazama, akasoma jina la msanii Ekvall, akakaa bila kukaribishwa. "Bibi," akasema, "chombo hiki kitalipa paa pamoja na kuta zake." Maunu, nilikuona ulivyoinua macho kutazama dari.

Sasa kitazameni kwanza, kama nilivyokuwa nikiwaambia darasani. Mdomo wake umeinama upande mmoja, kama wa mtu anayebana kicheko. Kwenye kitako pana povu moja la hewa, nalo haliko katikati. Ndani, chini ya shingo, pana mstari mweupe wa chokaa: maji yalisimama hapo miaka na miaka. Nani aliyabadilisha? Alitia maua gani? Yalikuwa ya furaha au ya msiba? Nimekaa nacho miaka mitatu nikijiuliza, nami ninakufa bila kujua, na kusema kweli ndilo linaloniudhi kuliko kufa kwenyewe.

Lakini aliyekitengeneza namjua. Si Ekvall. Ni baba yenu.

Nyamaza, Maunu. Bado.

Mwaka wa hamsini na saba nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijaenda chuo cha ualimu, nikafanya kazi katika chumba cha umaliziaji pale kwenye kiwanda cha vioo. Ninyi, na mabwana wote wa minada, mnadhani msanii alikaa akitia saini vyombo vyake kimoja kimoja. Ekvall alikuja kutoka Helsinki mara mbili kwa mwaka na michoro chini ya kwapa na mfuko wa machungwa ya kutugawia. Wapulizaji walipuliza. Jina tuliliandika sisi wasichana, kwa kalamu ya ncha ya almasi, vitako mia kwa siku, na yeye alijua na wakubwa walijua, wala hakukuwa na siri. Lempi, msimamizi wetu, alisimama nyuma yangu akifoka: "Andika, binti, andika! Hii si barua ya mapenzi!" Ile K yenye mguu mrefu, ambayo wataalamu wanaisifu vitabuni kuwa inaonyesha roho ya msanii, ni K yangu. Ndivyo nilivyofundishwa shule ya msingi.

Mchana, wakati wa mapumziko, mabaki ya kioo yaliyokuwa tanuruni yalikuwa halali ya mpulizaji. Wengine walitengeneza vidude vya kuwekea sukari, wengine nguruwe wa kuchekesha watoto. Oiva, baba yenu, wakati ule hata hatujachumbiana, alitengeneza hiki. Alichomeka kijiti kibichi cha mreteni ndani ya kioo cha moto, mvuke ukaacha povu hilo mnaloliona, na mtu akamtania katikati ya kazi, akacheka huku bomba likiwa mdomoni, ndipo mdomo wa chombo ukainama. Kesho yake kilipopoa aliniletea.

"Wewe msomi, niandikie jina."

"La nani?"

"La bwana mkubwa. Leo Ekvall ni mimi. Sioni kwa nini nisigawe na mimi machungwa."

Nikaandika. Tulicheka hadi Lempi akatutupia kitambaa. Kengele ikalia, nikakiacha mezani, na wanawake wa kufungasha, walipoona jina, wakakitia kwenye sanduku pamoja na vingine. Tulipokikumbuka, treni ilikuwa imeshaondoka.

Oiva alikwenda huku na huko akisema jina lake limepandishwa cheo. Mimi ndiye niliyeona kwamba baada ya wiki ile hakutengeneza tena kitu wakati wa mapumziko. Alikula mkate wake na kutazama ua. Hatukulizungumza hadi alipostaafu. Siku moja tuko sauna, ninamsugua mgongo, akasema taratibu, bila kunilaumu, "Hilja, kile cha kijani ndicho pekee nilichokibuni mwenyewe. Vingine vyote niliambiwa." Nilitamani angenilaumu.

Basi, Kerttu, zile Jumamosi nilizowakokota kwenye masoko ya mitumba mkiwa na baridi puani, nilikuwa nakitafuta. Na siku ya mahafali yako, ambayo hujanisamehe mpaka leo, mtu alinipigia simu kwamba kuna chombo cha kijani mjini Tampere. Nikaenda. Hakikuwa chenyewe. Ndivyo nyumba hii ilivyojaa: kila nilipokikosa hiki, nilirudi na kingine, na kila kingine nacho kilikuwa na swali lake, nami sikuweza kukiacha. Nisamehe. Kiti changu cha mbele kilikuwa kitupu na baba yako alikuambia nina homa. Alisema uongo kwa ajili yangu.

Nilikipata miaka sita baada ya kumzika. Katika ukumbi wa kanisa, kwa mwanamke anayesafisha nyumba za marehemu. "Kilitoka wapi?" "Sijui, mama, kilikuwa kwenye boksi la mabakuli. Nipe euro nane." Huyo peke yake hakuwahi kukigeuza. Nilikigeuza mimi, nikasoma mwandiko wangu wa usichana.

Sasa nisikilizeni, pumzi inapungua. Jina la Ekvall msilifute. Niliandika mimi, libaki liwe kosa langu. Ninachoomba ni kwamba chini yake liandikwe la Oiva. Nilimuuliza yule bwana wa mnada, bila kumweleza, jina la pili lingeharibu nini. Akasema, "Lingeharibu kila kitu, bibi." Kwa hiyo mnajua gharama yake. Kalamu iko kwenye droo ya meza hii. Nilijaribu jana juu ya glasi ya maziwa, mkono umekataa, tazameni ulivyo. Wewe Maunu una mkono wa baba yako.

Sikulazimishi. Najua mama akiwa kitandani akisema hivyo ndipo analazimisha zaidi, kwa hiyo nasema wazi: ukikataa, kiuze, tengeneza paa lako ulale pakavu, nami sitakuwa na neno nawe. Baraka yangu ni ileile na naitoa sasa, kabla sijajua. Mungu awalinde wote wawili. Mpatane. Mzeeke mkiwa bado mnauliza maswali. Mazishini iwe kahawa na mkate wa iliki, na mchungaji asiimbe sana, sauti yake...

Ngojeni. Maji kidogo.

Asante, Kerttu. Macho yameingia ukungu, sioni dirisha. Nani huyo amevuta droo?

Maunu?

Mshikie taa, Kerttu. Laza kitambaa chini kisiteleze. Usikandamize, mwanangu, iache ncha itembee yenyewe... Naisikia. Mlio uleule. Moja.

Mbili...

Tatu.

Mbona umesimama? Pumua, mwanangu. Jina la baba yako lina herufi nne.