Wa Jumatatu na Alhamisi: Wasifu wa Deolinda Furtado Arruda, 1961–2023

Deolinda alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika kijiji cha Água Retorta, kisiwani São Miguel, Azores, akiwa mtoto wa kwanza wa Laurénio na Eulália Furtado. Alikuwa na umri wa miaka sita familia ilipohamia Fall River, Massachusetts, Septemba 1967, na kupanga ghorofa ya tatu katika mtaa wa Columbia. Wadogo zake, Adelino na Graciete, walizaliwa hapo. Baba aliajiriwa kwenye ghala la vitambaa, na mama kwenye kiwanda cha mapazia, ambako alishona kwa miaka thelathini na mmoja na kujifunza Kiingereza chake chote kutokana na matangazo yaliyobandikwa ukutani.

Alipofika darasa la tatu, Deolinda ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba yetu. Alikwenda na mama kwa daktari wa meno, na baba ofisi ya gesi, na jirani yeyote aliyepata barua yenye muhuri. Alihitimu sekondari mwaka 1979, na mwaka 1983 akapata shahada ya historia katika chuo cha jimbo. Baba aliitundika juu ya friji, kwa sababu alisema sebuleni hakuna anayekaa.

Kuanzia 1984 alikuwa mkalimani wa Kireno katika mahakama za Fall River na New Bedford. Mkalimani wa mahakamani hasemi "huyu anasema ameumia." Husema "nimeumia," kana kwamba maumivu ni yake, na haongezi wala hapunguzi neno. Kwa miaka kumi na mitano Deolinda aliiba magari, akafukuzwa kwenye nyumba, akadai talaka na kuomba msamaha, yote kwa sauti ileile ya upole, kisha akarudi nyumbani kupika.

Tarehe 22 Juni 1985 alifunga ndoa na Gil Arruda, fundi wa boila za kupasha nyumba joto, katika kanisa hili tulimo leo. Walijaliwa watoto wawili, Natália mwaka 1987 na Décio mwaka 1990. Gil alikuwa na sheria moja ya kazi ambayo familia nzima tuliijua kwa kichwa: hakununua boila kwa muuzaji yeyote kabla ya kumuuliza, "Zile zilizoharibika mnazitengenezea wapi?" Muuzaji asiyekuwa na jibu alibaki na boila zake.

Mwaka 1996 baba aliugua. Siku daktari alipoleta majibu hapakuwa na mkalimani wa hospitali, basi Deolinda akasimama kando ya kitanda na kufanya alivyozoea. "Nimekuta uvimbe kwenye ini lako," alimwambia baba kwa Kireno.

Baba alimtazama. "Umeukuta wewe?"

"Daktari, baba. Mimi nasema tu."

"Basi muulize daktari wako kama ndiye atakayeniosha, maana toka asubuhi najisikia mchafu."

Daktari alikuwa na wagonjwa wengine, akaondoka. Aliingia muuguzi na beseni la maji ya uvuguvugu, akamwosha baba uso, kwapa, mgongo na miguu, akizungumza naye Kiingereza ambacho baba hakukielewa wala hakuhitaji kukielewa. Deolinda alisimama pembeni, mikono ikining'inia. Alituambia baadaye kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na maneno yote ya lugha mbili na hakuna hata moja lililokuwa na kazi. Baba alifariki baada ya wiki tano.

Akiwa na miaka thelathini na saba aliomba kuingia shule ya uuguzi. Kuna mpango kwa watu wenye shahada ya fani nyingine ambao unawaingiza moja kwa moja: mwaka mmoja na kitu wa kazi ngumu mno, mtihani wa leseni, kisha shahada ya uzamili. Anayeteleza mwaka ule wa kwanza mara nyingi hana pa kurudi, maana kazi yake ya zamani ameshaiacha. Machi 1999 alikubaliwa na vyuo viwili. Kimoja kilikuwa chuo kikuu cha Boston ambacho hata kinyozi wetu alikijua. Cha pili kilikuwa Chuo cha Uuguzi cha Hospitali ya Mtakatifu Aldwin, hapahapa mjini, nyuma ya kituo cha mafuta.

Barua ya Mtakatifu Aldwin ilifika Deolinda akiwa mahakamani, na mama, aliyeishi nao, ndiye aliyeifungua. Kwa Kiingereza, neno la mwanafunzi aliyekubaliwa chuoni na la mgonjwa aliyelazwa wodini ni moja: amepokelewa. Mama alilijua neno hilo kutoka kwenye karatasi za baba. Akasoma jina la binti yake, akasoma "amepokelewa," akasoma "hospitali," akaweka sufuria jikoni.

Deolinda aliporudi jioni alikuta wanawake wanne majirani wa jengo letu sebuleni na rozari mikononi, na supu ya kuku na mchele mezani.

"Nani anaumwa?" aliuliza.

"Kaa chini, mwanangu," mama alisema. "Usijikaze. Tumeshasoma barua."

"Mama, mimi mzima."

"Mzima gani anapokelewa hospitali?"

"Nimepokelewa shule. Shule ya uuguzi. Nakwenda kusoma."

Mama alifikiri kidogo. "Basi kula supu," akasema, "maana wanaosoma nao wanakonda."

Alitakiwa kujibu vyuo vyote viwili kabla ya Alhamisi, tarehe 15 Aprili. Gil alitaka Boston, na hakuficha.

"Watu wanaotafutwa na dunia nzima wanakuita wewe," alimwambia mezani, sote tukisikia, "halafu unataka kwenda kusomea nyuma ya kituo cha mafuta."

"Nyuma ya kituo cha mafuta kuna pa kuegesha gari, Gil."

"Sitanii, Linda. Jina lile likiwa kwenye cheti chako, hakuna atakayekuuliza mara mbili."

"Mgonjwa hasomi cheti."

"Anayeajiri anasoma."

Gil hakukosea, na Deolinda alijua hivyo. Alibeba barua zote mbili kwenye mkoba wake wa mahakamani kwa wiki tatu. Alimuuliza padri, aliwauliza wauguzi wawili, akatembelea vyuo vyote siku walizowakaribisha waliokubaliwa, na kote alipewa keki na maneno mazuri. Zikiwa zimebaki siku mbili, alichukua simu ya jikoni, Gil akiwa mezani na gazeti, akapiga Boston.

"Nina swali moja tu," alisema. "Wale walioanguka mwaka jana wako wapi?"

Mwanamke aliyepokea simu alikuwa na adabu sana. Alimweleza kwamba katika kila wanafunzi mia, tisini na saba hufaulu.

"Nashukuru. Na wale watatu?"

"Samahani sana, mama. Hao hatuna taarifa zao."

Gil alishusha gazeti. Swali lilikuwa lake.

Kisha Deolinda akapiga Mtakatifu Aldwin. Alipokea karani, Bi Rosalind Peckham, ambaye baadhi yenu mnamkumbuka.

"Walioanguka?" alisema Bi Peckham. "Walikuwa wawili. Mmoja alirudi kwenye kazi yake ya benki, alituandikia Krismasi, ana furaha. Mwingine anarudia na mwalimu kila Jumatatu na Alhamisi. Yupo hapa nyuma yangu anakula mkate kwenye meza yangu, na nimemkataza. Unataka kuongea naye?"

Aliongea naye. Alikuwa mwanamume aliyeitwa Wendell Oakes, zamani mpima ardhi.

"Wanakufundisha kweli?" Deolinda alimuuliza.

"Wananifundisha mpaka naota mabomba ya sindano."

"Hawakudharau?"

"Bi Peckham peke yake, na ni kwa sababu ya makombo."

Alipokata simu, Gil alikuwa amekunja gazeti. Akasema, "Hiyo ya pili ndiyo ningeinunua." Siku hiyohiyo Deolinda aliandika barua mbili, ya kukubali na ya kushukuru. Ile ya kushukuru, alituambia, ndiyo iliyomchukua muda mrefu.

Alianza Septemba 1999. Novemba alianguka mtihani wa kukokotoa vipimo vya dawa, kwa swali moja. Mtu aliyekuwa akitafsiri hukumu ya hakimu bila kutetemeka alirudi nyumbani akaketi ndani ya gari, mbele ya mlango wetu, mpaka Gil akashuka kumfuata. Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye kile chumba nyuma ya meza ya Bi Peckham. Alikaa humo wiki sita, akarudia mtihani, akapita. Alipata leseni mwaka 2001, shahada ya uzamili Mei 2002, na akafanya kazi wodi ya upasuaji hadi 2006, chuo kilipomwita kufundisha.

Hakuomba somo la heshima. Aliomba chumba kile. Kwa miaka kumi na mitano, Jumatatu na Alhamisi, alikaa na walioanguka: aliyekuwa fundi piano, aliyekuwa mwanasheria, mama wa watoto watano aliyekuwa na shahada ya hesabu na bado alikosea desimali. Aliwaruhusu kula mkate. Somo lake la kwanza halikuwa hesabu. Alileta beseni la maji ya uvuguvugu na kuwafundisha kumwosha mtu mzima bila kumwaibisha, kisha ndipo walipofungua vitabu. Na kila masika, waliokubaliwa kwenye vyuo viwili au vitatu walipopiga simu kuuliza wachague kipi, hakuwahi kuwaambia waje kwake. Aliwapa swali la Gil, akawaacha wapige wenyewe.

Aliacha kazi Juni 2021. Oktoba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na tarehe 28 Novemba alilazwa Mtakatifu Aldwin. Yeye mwenyewe alimpigia mama simu.

"Mama, nimepokelewa hospitali."

Mama yetu ana miaka themanini na sita. "Nipike supu," aliuliza, "au ni shule tena?"

"Pika supu, mama."

Alirudi nyumbani kwa Krismasi, akabaki huko. Mwezi wake wa mwisho hakukodiwa muuguzi. Wanafunzi wake wa chumba kile walikuja kwa zamu, wawili wawili, na asubuhi walimwosha kama alivyowafundisha: uso kwanza, maji yasipoe, mwili uliobaki ukiwa umefunikwa. Siku moja alimsahihisha mmoja wao kwa namna alivyokamua kitambaa. Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Februari 2023, saa nne asubuhi, Gil akiwa amemshika mkono.

Ameacha mumewe, Gil; mama yake, Eulália; watoto wake, Natália na Décio; mjukuu mmoja, Iria; na ndugu zake, Graciete na Adelino, aliyeandika maneno haya. Na kama mtu atauliza hapa, kama alivyouliza yeye, wale walioanguka wako wapi, jibu lake si gumu. Leo ni Alhamisi. Wamekaa safu nne za kushoto, Bwana Oakes akiwa wa kwanza, na ndio watakaolibeba jeneza.

Deolinda apokelewe kwa amani.