Nilipowashawishi Tuache Kulipiana Bima

Ndugu zangu wa kimina, chama chetu cha akiba, nashukuru kupewa nafasi kabla ya kura. Mama ninayetaka kumzungumzia yumo humu ndani. Nilimwomba ruhusa jana, akanijibu: "Sema tu, musomi. Jina langu uiache, na usinifanye mutakatifu. Mi nilikutukana sana." Kwa hiyo sitamtaja.

Wengi mnakumbuka utaratibu wetu wa zamani. Kila wiki tuliweka fungu la pamoja, na mwaka wa bima ulipoanza tulilipia mituweli, ile bima ya afya, ya kila nyumba, yenye watu wengi na yenye wachache, bila kuulizana. Mimi nilikuwa na bima ya kazini, hivyo fungu lile lilinitoka bila kunirudia. Nikasimama mbele yenu. Niliwaeleza, kwa ufundi nilioupata chuo kikuu, kwamba anayejitunza anambeba mlevi, na mwenye watoto wawili anambeba mwenye saba. Nikapendekeza kila mtu alipie nyumba yake. Nawaambia ukweli: nilizungumza vizuri. Mlipiga makofi, mkakubali, na nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu jinsi mlivyoyapiga.

Mwaka uliofuata mama huyu, anayeuza samaki wadogo wa sambaza pale sokoni Mahoko, alipata pesa ya kuwalipia watoto tu. Sharti mnalijua: nyumba ikibaki na mmoja ambaye hajalipiwa, hakuna anayetibiwa kwa bima. Jicho lake lilipovimba alinunua dawa ya matone sokoni. Nilimkuta amelifunga kwa kipande cha kitenge. Nilipomuuliza, alisema ni vumbi. Ndugu zangu, nilijua kwamba si vumbi. Nilinunua samaki wangu, nikaondoka. Alipofika hospitali, jicho lilikuwa limekwisha kuharibika.

Nilijiambia kwamba angeweza kuomba msaada.

Kisha ofisi yangu ikafungwa, na bima ikaenda pamoja na mshahara. Ngiri ya tumbo niliyokuwa nimeificha kwa miaka ikaanza kuniangusha kwa maumivu. Nyumbani tulikuwa na watoto, na mama mkwe pia. Sikuweza kuwalipia wote. Na kule kuomba, ambako nilidhani kungekuwa rahisi kwake, hakukunitoka mdomoni. Mke wangu ndiye aliyewaita, bila kuniambia.

Mlikuja Jumapili baada ya ibada. Nililala nyuma ya pazia, nikawasikia. Mmoja wenu, mtu wa utani, alisema, "Alitufundisha kila mutu abebe yake. Bon, abebe tumbo yake." Mkacheka, nami nikaona ni haki. Ndipo yule mama akasema, bila kupaza sauti:

"Tulimusikiliza huyu mara moja, jicho yangu ikaenda. Leo tusimusikilize."

Mkachanga pale pale, mkailipia nyumba yangu yote. Kesho yake kituo cha afya kikanipa rufaa, nikapasuliwa wiki ile ile.

Mwili ulipona. Nilipokwenda sokoni kumwomba mama yule radhi, aliendelea kupima samaki, akaniambia nisiwazibie wateja njia. Sijui kama amenisamehe, na sidhani nina haki ya kumuuliza tena.

Nawashukuru ninyi mliochanga, na wale walionishika mikono mpaka kituoni. Namshukuru mke wangu, ambaye hakungoja niache kiburi. Na mama huyu namshukuru, ingawa neno hili ni dogo kuliko nililomtendea.

Gharama za tiba ni kubwa kweli, na ubishi kuhusu nani alipe nini hautaisha leo. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: nilibishana juu ya mzigo ambao sikuwa nimeubeba, mbele ya watu waliokuwa wameubeba, nao hawakunipinga kwa sababu nilikuwa nimesoma. Mtu akisimama hapa akazungumza vizuri, muulizeni kwanza yeye mwenyewe anatibiwa kwa bima gani.

Sasa mnaamua kama fungu la pamoja lirudi. Hoja sina. Nitainua mkono, kisha nitakaa.