Kidonge Alichogawa Mbodze

Mwaka wa nne wa Uhuru, asubuhi moja katika basi la kwenda Msambweni, Sefu aliacha kusinzia ghafla. Kiti cha mbele, mwanamke aitwaye Mbodze alikuwa akimwonyesha dresa, msaidizi wa tabibu wa zahanati, aliyekutana naye humo humo, vidonge vya moyo alivyopewa na daktari wa Mombasa. Nusu yavyo alikuwa amempelekea dada yake Msambweni, maana kwao dawa nzuri haifichwi.

“Naye anaumwa moyo?” dresa aliuliza.

“Ana pumu. Lakini dawa yake ya pumu ikimfungua kifua, humwendesha moyo mbio kama wangu. Nikasema hivi vitamtuliza.”

Dresa alivua kofia. “Mama, ile dawa ya pumu ni ufunguo. Mapafuni mna kufuli yake, na moyoni mna nyingine ya jamii hiyo hiyo. Huku hulegeza pumzi, huku huharakisha moyo. Vidonge vyako huziba tundu zote mbili.”

“Mimi vimenifaa.”

“Wewe huna pumu. Yeye utamtuliza moyo, umfunge pumzi.”

“Mbona daktari hakuniambia?”

“Ulimwambia habari za dada yako?”

Mbodze alivirudisha vidonge kikapuni. Sefu, ambaye nyanyake hugawa dawa yake ya macho mtaa mzima, alitazama dirishani.

“Ameshameza?” dresa aliuliza.

“Nilimwagiza aanze leo, baada ya chai ya asubuhi.”

Basi lilisimama Kona ya Musa. Mbodze alikuwa ameshainuka, kikapu mkononi, na Msambweni bado mbali. Dereva alizima injini, akashuka zake kunywa chai.