Kliniki ya Kesho Isiahirishwe

Sogeeni karibu, wanangu, niseme kabla pumzi haijaniacha njiani. Mungu amenipa umri wa kutosha, nami sikumshukuru ipasavyo. Nilikuwa mwepesi wa hasira, na za wateja nikaja kuwamalizia ninyi nyumbani. Nisameheni.

Banda la viatu nampa Mkubwa, na vyombo vyote vya kazi. Ila ile kalibu ya mbao ya kushonea kiatu, ya mguu wa kushoto wa shangazi yenu, hiyo si urithi, ni kazi: maadamu yu hai, kiatu chake ukishone wewe mwenyewe, na soli uipandishe kama nilivyokuonyesha. Usicheke, dada yangu, mwenye kiatu. Najua utasema mkono wake mzito. Hata kiatu changu cha kwanza kilikutoa malengelenge ukanyamaza.

Wanangu, mmemzoea shangazi yenu, mkadhani alizaliwa na mguu mmoja mfupi. Alikuwa akitambaa mbio kumpita paka, wauguzi walipopita mtaani na matone ya polio, lakini mama yetu alikuwa amefariki jana yake, nyumba imejaa watu, na wazee wakasema mtoto wa msiba hatolewi nje. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulimlilia marehemu, tukamsahau aliye hai, na ugonjwa ukamkuta kabla wauguzi hawajarudi.

Sasa wewe, kitinda mimba wangu, nimekusikia asubuhi ukimwambia mumeo, “Kesho siendi kliniki, nimwache baba hivi?” Mapenzi yako nimeyaona, Mungu akulipe. Lakini mwanao ametimiza umri wa chanjo ya surua, na surua haina adabu ya kungoja watu wamalize kilio. Mfunge mgongoni uende. Akipata homa kidogo baadaye, mnyonyeshe, mtulize, wala msiseme babu anamwita.

Nikiwa bado nipo, utanisimulia alivyolia. Nikiwa nimeondoka, pita katikati ya waombolezaji na mtoto wako, na atakayekuzuia mwambie marehemu ndiye aliyekutuma. Mkubwa, mpe nduguyo mwavuli wangu, jua la asubuhi ni kali.

Mungu awatunze... mpendane, msinuniane. Maji, tafadhali. Basi, yatosha.

Mlete huyo mdogo, niinamishie nimshike miguu. Huu... na huu. Mkono wangu haujasahau kupima. Yote miwili sawa, mwanangu. Sawasawa.

Ibaki hivyo.