Mbuzi Amevuka na Miguu Yake Minne: Maisha ya Mama Euphrasie Feza (1953–2025)

Mama Euphrasie Feza, tunayemsindikiza leo hapa Kasongo, alizaliwa Lusangi tarehe 14 Machi 1953, siku ya soko, kabla soko halijavunjika. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Michel, mkulima wa mpunga, na Mama Jeannette, aliyependa kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa amekunja uso kama mtu anayetafuta kosa. Alilitafuta maisha yake yote. Mara nyingi alilipata kwa wengine. Siku moja alilipata kwake mwenyewe, na siku hiyo ndiyo tunayoomba muikumbuke.

Alianza shule ya msingi Lusangi mwaka 1959. Vita vya 1964 vikamtoa darasani, akakaa porini na wazazi wake karibu miaka miwili. Aliporudi alikuwa amesahau kugawanya, lakini kusoma hakusahau. Baadaye akaja Kasongo kusoma kwa masista, ambako alijifunza kupiga mashini ya kuandikia akiwa amefunikwa mikono kwa kitambaa ili asiangalie vitufe. Sista aliwafundisha kuweka kichwa cha barua katikati kwa kuhesabu herufi na kusukuma nafasi kwa kidole gumba. "Gumba ndiye fundi," alikuwa akiwaambia. Euphrasie alishika neno hilo kama katekisimu. Alipata cheti chake mwaka 1972, wa kwanza katika darasa la wasichana kumi na wanane.

Kuanzia mwaka 1973 alikuwa mpiga mashini katika ofisi moja ya serikali hapa mjini. Mwaka 1976 akaingia kijana mmoja kutoka Walungu, aliyekuwa akifanya biashara Salamabila, akaomba aandikiwe barua. Kesho yake akarudi na barua ileile. Siku ya tatu akarudi tena.

"Kaka, barua hii nilishaipiga jana na juzi," Euphrasie akamwambia. "Huyu mutu unamuandikia hasikie?"

"Anasikia," yule kijana akajibu. "Ila hajanijibu. Iko mbele yangu, anapiga mashini."

Kijana huyo ni Baba Cirhuza, ambaye yuko nasi hapa. Walifunga ndoa tarehe 16 Julai 1977, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza wao Arlette.

Vita vya 1996 vilifunga ofisi. Miaka kumi alilima mihogo na kufundisha watoto wa jirani kusoma. Mwaka 2007 akafungua sekretariati yake karibu na soko: meza moja, kompyuta moja ya umeme wa jua, na kibao kilichosema "Tunaandika barua zote." Alikuwa na miaka hamsini na minne. Watu walimcheka, mama wa umri ule kushindana na kompyuta. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wanapanga mstari mlangoni.

Ndipo likatokea jambo la mwezi wa nane 2009. Mzee Jean-Pierre, ndugu ya Baba Cirhuza, alifariki Salamabila, akimwacha mke wake, Mama Marguerite. Mama Euphrasie akatengeneza karatasi ya mazishi hapa Kasongo, akaiweka katika klé, kile kidude kidogo cha kubebea maandishi, akampa motari, dereva wa pikipiki, aipeleke kwa Bwana Djamali, mwenye duka la kopi kule Salamabila. Kompyuta ya Djamali ilikuwa na programu nyingine ya kuandikia. Djamali alifungua, akachapa nakala themanini, akagawa bila kusoma, kwa kuwa jeneza lilikuwa tayari linatoka.

Katika safari kati ya programu mbili, kila kitu kilikuwa kimehama. Picha ya Mzee Jean-Pierre ilishuka hadi ukurasa wa pili, ikakaa juu ya neno "Ameacha." Na chini ya neno "Marehemu," ndani ya mstari mweusi, likabaki jina moja tu: Marguerite. Mjomba aliyechelewa njiani akapokea karatasi, akasoma, akajitupa chini akilia, "Maskini Marguerite! Wote wawili!"

"Mjomba, wacha kulia, niko hapa," Mama Marguerite akamwambia.

"Sasa hii karatasi inasema nini?"

"Inasema nimekufa. Lakini mie mwenyewe hawakuniuliza."

Watu walicheka pale kaburini, na kwa miezi kadhaa wamama wa soko la Salamabila walimwita, "Marehemu, mihogo bei gani?" Lakini Mama Euphrasie hakucheka. Mtu alikuwa amesomewa kifo chake mbele ya jeneza la mume wake, kwa karatasi iliyotoka mkononi mwa Mama Euphrasie mwenyewe. Alituma neno kwamba kosa ni la kompyuta ya Djamali. Djamali akajibu, "Mama, mashini yangu inasoma kile ulituma." Basi akaapa kwamba atajua kosa ni la nani, na kwamba hakuna familia itakayopata aibu ile tena.

Akatengeneza karatasi ya majaribio. Ilikuwa na kichwa katikati, orodha ya watu katika safu mbili, jina la Aïcha na vitone vyake viwili, na mwisho wa ukurasa wa kwanza, picha ya mbuzi. Mbuzi alikuwa wa jirani. Ndiye peke yake aliyekubali kusimama bila kutikisika. Klé ikaenda kwa motari, na Djamali akapiga simu.

"Mbuzi amefika?" Mama akauliza.

"Amefika, Mama. Ila miguu iko ukurasa ya pili."

"Mbuzi bila miguu hajavuka. Tunaanza tena."

Mara ya pili mbuzi aligeuka kisanduku kitupu. Mara ya tatu Aïcha alipoteza vitone vyake. Mama aliandika kila jaribio katika daftari: programu gani, fomati gani, kitu gani kilianguka. Wiki kumi na moja zikapita. Mara ya saba akatuma karatasi mbili. Ya kwanza aliipanga kama alivyozoea, akisukuma maneno kwa kitufe cha nafasi hadi yakae anapotaka. Ya pili hakusukuma kitu: alichora jedwali, akaiamuru kompyuta yenyewe iweke kichwa katikati na ianze ukurasa mpya. Djamali akapiga simu: ya kwanza imevunjika, ya pili imevuka nzima.

Mama akamwita mume wake.

"Baba Arlette, kosa ni yangu."

"Kosa gani?"

Akainua kidole gumba. "Huyu."

Herufi za kompyuta ya Djamali zilikuwa pana kidogo kuliko zake. Nafasi zote alizozihesabu kwa uaminifu kama sista alivyomfundisha zilikuwa zimemsukuma Marguerite hadi kwa marehemu. Mama angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Alipanda pikipiki, akasafiri siku mbili hadi Salamabila, akamweleza Mama Marguerite yote.

"Ulitoka Kasongo kuja kunionyesha kidole?" Mama Marguerite akamwuliza.

"Ndiyo, dada yangu."

"Basi kaa, ukule. Marehemu amepika."

Tangu siku hiyo kila andishi lililotoka kwake lilihifadhiwa katika fomati mbili: ile ya kompyuta yake, na nyingine ya wazi ambayo programu nyingi zinaweza kusoma. "Ivae nguo mbili," alikuwa akisema, "moja ya nyumbani, moja ya safari." Orodha za parokia, barua za msikiti, mikataba ya wachimbaji, zote zilivuka kwa Djamali kwanza. Wateja wa Kabambare, waliomkimbia baada ya aibu ile, walirudi.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Aliuguzwa hapa nyumbani na watoto wake. Mwezi wa tano mwaka huu aliomba kuona karatasi hii mliyoishika. Arlette, binti yake mkubwa, mwenye wasiwasi wa kila kitu, alikuwa ameiandika kwa kujificha, haikusaidia. Mama alivaa miwani, akaagiza nafasi zote zionyeshwe kwenye kioo cha kompyuta kama vitone, akavihesabu.

"Arlette, hizi tatu zinafanya nini hapa?"

"Mama, pumzika."

"Nitapumzika ukizitoa."

Aliaga dunia tarehe 3 Juni 2025, saa nne za asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Baba Cirhuza. Jana karatasi hii ilitumwa Salamabila, ambako ndugu walioshindwa na barabara wamekusanyika saa hii hii. Djamali alipiga simu akiwa analia na kucheka. Tazameni chini ya ukurasa wa mwisho, kama alivyoagiza mwenyewe: yule mbuzi amesimama, na miguu ni minne, huku na kule.

Ameacha mume wake, Baba Cirhuza; watoto wake Arlette, Héritier na Victoire; wajukuu kumi na mmoja; na dada yake wa moyo, Mama Marguerite, ambaye yu hai, na safari hii karatasi inashuhudia.

Nafasi tatu zilitolewa, Mama. Pumzika sasa, kwa amani.